Nguo Nyeupe za Jumapili ya Kwanza

Wanawake wahudumu wa kanisa lile la Macon, Georgia, huvaa nyeupe tupu Jumapili ya kwanza ya mwezi: gauni, soksi, viatu, hata glavu. Renita Broadnax aliipenda siku hiyo tangu utotoni. Sasa ana miaka thelathini na saba, na anaiogopa. Jumapili hii alikuwa amevaa pedi mbili na kaptula ya kubana, lakini kila baada ya muda mkono ule ambao mhudumu huuweka mgongoni anapopokea waumini uliteremka kupapasa gauni, kuona kama kuna doa. Shavuni alificha kipande cha barafu. Alitafuna barafu kutwa, kama wengine wanavyotafuna udongo. Kazini walishamwita Friji.

Wakati wa sadaka sinia likamlemea, akashika benchi. Mkuu wa wahudumu, Mama Earline Stubbs, akamvuta mpaka chumba cha nyuma.

"Miezi mingapi?" akauliza, macho tumboni.

"Ya nini, Mama?"

"Usinichezee, mwanangu. Kanisa zima limeshamchagulia mtoto jina, bado baba tu."

Renita akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Si mimba. Ni fibroidi. Vivimbe vitatu kwenye mfuko wa uzazi, kimoja kama chungwa. Si saratani, lakini natokwa damu siku kumi na mbili kila mwezi. Nimepimwa, damu imebaki saba, na inatakiwa isipungue kumi na mbili. Kumbe hata hii barafu naitamani kwa sababu damu imepungua."

"Siku kumi na mbili? Mbona kwetu wote tulitokwa hivyo! Tukajua ndiyo uanamke."

"Mama yangu naye kaniambia hivyohivyo. Ndiyo maana nimekaa miaka minne kimya." Alizunguka chumba, akakaa, akainuka tena. "Jumanne wanautoa mfuko wote. Na mimi nataka mtoto. Kuna daktari mwingine anasema anaweza kutoa vivimbe tu. Vinaweza kuota tena, lakini nafasi ipo. Anataka nimwone kesho. Sijamjibu, naogopa kumuudhi yule wa kwanza."

Mama Earline akavua glavu moja, akaikunja, akaikunjua.

"Mimi walinitoa mfuko nikiwa na miaka thelathini na mbili. Walinipa karatasi, nikasaini. Sikujua mtu anaweza kuuliza. Miaka yote hii nawaambia watu Mungu hakunijalia." Akamgeukia. "Umuudhi nani? Yeye ndiye atakayeishi na tumbo lako?"

"Na huyu wa pili akishindwa?"

"Utakuwa umeuliza. Mwandikie."

Renita akatoa simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena: Nitakuja kesho asubuhi, saa tatu. Akatuma haraka, kama anayeiba kitu.

"Saa tatu?" Mama Earline alikuwa ameshasimama. "Nitakupitia saa mbili. Na karatasi yoyote watakayokupa, usiiguse kwa kalamu mpaka tuisome sote wawili."