Chura wa Sauti ya Nne

Ting.

Mara moja tu, kisha kimya, kama kijiko kilichoangukia sufuria tupu katika nyumba ya jirani. Rachael Waceke aliinua mkono, na kwaya nzima ikakata wimbo katikati ya neno.

“Nani ana kijiko?” akauliza.

Hakuna aliyekuwa na kijiko. Waceke akaenda dirishani. Nyuma ya kanisa lao la mabati, hapo Gatongora, mjini Ruiru, kuna bwawa dogo lililoachwa na shamba la kahawa. Kahawa iling’olewa, shamba likakatwa ploti, ploti zikaota magorofa, lakini bwawa lilibaki kwa sababu hakuna aliyejua ni la nani. Jioni hiyo ya Jumamosi mvua ya Aprili ilikuwa imetoka kupita, na vyura wa kila mwaka walikuwa wakipiga kelele yao ya kila mwaka. Juu ya kelele hiyo, tena: ting.

“Huyo ni mgeni,” akasema Waceke.

“Haiya, mwalimu! Sasa hata vyura watajaribiwa sauti kabla ya kuingia kwaya?” Aliyesema ni Kiama, fundi wa mabomba, mkubwa wa sauti ya nne. Ni mtu mnene, mcheshi, ambaye besi yake hutoka chini ya sakafu.

“Wewe ndiye ungejaribiwa upya,” Waceke akamjibu. “Wimbo ukiisha, uishe na wewe. Maliza na wenzako!”

Watu wakacheka, kwa maana maneno hayo waliyasikia kila Jumamosi. Kiama alipenda mno noti ya mwisho ya kila wimbo. Wenzake wakishafunga midomo, yeye bado yumo ndani yake, kama mtu aliyebaki mezani akifuta sahani kwa kipande cha chapati.

Waceke alikuwa na haki ya kumwita yule chura mgeni. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba hilohilo, wakati bwawa lilipokuwa likinywesha miche ya kahawa. Baba yake, Gerishon, ndiye aliyewafundisha wachumaji kuimba kwa do, re, mi, na bintiye alijua kuimba noti kabla hajajua kusoma herufi. Sasa ana kibanda katika mtaa wa Kimbo, anafuma sweta za shule kwa mashine. Mashine ikibadilisha mlio hata kidogo, anajua sindano imepinda kabla uzi haujakatika. Na vyura wa bwawa lile aliwajua wote: mwenye kukoroma, mwenye kufinya sauti kama mlango usiotiwa mafuta, na wale wadogo wanaotatarika kama mahindi ya kukaanga. Wa kugonga kijiko hakuwahi kuwepo.

Labda angemsikia na kumwacha, kama si Dianah. Dianah ni msichana wa Nairobi ambaye kazi yake ni vyura. Mwaka uliotangulia alikuja Kimbo kumnunulia mpwa wake sweta, na huku akisubiri mikono ishonwe, akamwonyesha Waceke ramani katika simu yake. Ilikuwa na nukta za kijani.

“Kila nukta, mum, ni chura ambaye mtu alimsikia au kumwona, na mtu mwingine akathibitisha.”

Waceke alivaa miwani. Huko Thika, karibu na maporomoko, kulikuwa na nukta kadhaa. Akarudi chini na kidole: Juja, Kalimoni, chache. Akafika Ruiru. Ramani ilikuwa nyeupe kama shuka.

“Ati sisi hatuna hata mmoja?”

“Mnao. Ni vile hakuna ametuma.”

“Kwa hivyo mtu wa mbali akiangalia hapa, anafikiri Ruiru ni simiti tu, na hakuna kitu kinaimba.”

Jambo hilo lilimkaa moyoni kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Alitaka nukta moja. Na sasa mgeni alikuwa amekuja kugonga kijiko chini ya dirisha lake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alifanya kama afanyavyo kila anaporekodi mazoezi ya kuwatumia wanakwaya, isipokuwa safari hii aliiweka simu nje, juu ya kizingiti cha dirisha, akafunga kioo. Akawageukia wanawake wa sauti ya kwanza, waliokuwa wameshindwa na mstari mmoja, akawafinyanga mpaka mstari ukanyooka. Usiku huo akamtumia Dianah rekodi.

Dianah alipiga simu Jumatatu, akiongea haraka haraka.

“Mum, umekaa chini? Uko na vyura wawili hapa. Huyu wa ting ni wa matete, tunamjua. Lakini tunamjua kule pwani na nyanda za joto. Huku juu hakuna mtu amewahi kumrekodi.”

“Amefikaje?”

“Labda amekuja na maua ya kuuzwa, kwa udongo wa miche. Labda alikuwa hapo siku zote.”

“Hakuwa hapo. Ningemjua.”

“Sawa, nakuamini. Sasa huyu wa pili.” Sauti ya Dianah ikashuka. “Huyo wa sauti nzito anayemjibu. Nimetafuta kila mahali, mum. Hafanani na mtu. Nimewatumia wenzangu, wengine wako ng’ambo. Inawezekana ni aina mpya kabisa. Haijawahi kuandikwa duniani.”

Waceke akaketi juu ya gunia la nyuzi.

Siri kama hiyo haiwezi kukaa Gatongora. Jumapili pasta aliitangaza kutoka mimbarini: kwamba Mungu, katika wema wake, amewaficha wakuu wa dunia kiumbe chenye sauti nzito, ya kupendeza, akawafunulia watu wa kanisa la mabati. Waumini wakapiga makofi. Mama mmoja akapendekeza chura apewe jina la ushirika wao. Kiama alipiga makofi kuliko wote.

Jioni ya siku hiyo Waceke alikuwa akipiga pasi, simu ikiwa kando, akisikiliza rekodi tena kwa raha yake. Kama ilivyo desturi yake, akaanza kuimba kwa noti yale aliyoyasikia. Wa kwanza: soh. Safi, kavu. Wa pili: soh… fa… re… doh, na hapo kwenye doh akatulia, akajinyoosha, akabaki.

Ajabu, akawaza Waceke. Chura anashuka kama Amina ya mwisho wa wimbo.

Akarudisha nyuma. Ting. Kisha ule mteremko, na ile doh isiyotaka kuisha, ilhali yule mgeni wa ting alikwisha kunyamaza kitambo. Waceke akakunja uso, na bila kufikiri akaikaripia simu:

“Maliza na wenzako!”

Pasi ikasimama. Sketi nyeupe ya Jumapili ikaanza kutoa harufu ya kuungua.

Asubuhi alimkuta Kiama katika jengo jipya pale Kimbo, kichwa kikiwa ndani ya kabati la sinki.

“Kiama, toka. Wewe ni chura?”

Kichwa kikagonga mbao. Kiama akatoka polepole, spana mkononi, akamtazama mwalimu wake, akatazama sakafu.

“Kidogo tu, mwalimu.”

“Kidogo!”

“Si ulikuwa umekwama na wale wa sauti ya kwanza? Mstari mmoja, saa nzima! Sisi besi tufanye nini? Nikatoka nje nipunge hewa. Chura akasema ting. Nikaona ni adabu mbaya kukaa bila kumjibu.”

“Na jana ukapiga makofi!”

“Nilidhani ni chura mwingine! Sikujua simu iko hapo. Pasta amesema sauti nzito, ya kupendeza. Ningejuaje ni mimi? Kwa kwaya hujawahi kuniambia ni ya kupendeza.”

Waceke alitaka kukasirika. Alikuwa amejiandaa kukasirika tangu kwenye ngazi. Lakini kicheko kilimtoka puani kama chafya, na wakacheka wote wawili mpaka mafundi wa ghorofa ya juu wakachungulia. Kisha Waceke akajifuta macho kwa leso, na kicheko kikaisha.

“Sasa nitamwambia nini Dianah?”

“Usimwambie. Watamtafuta huyo chura, watachoka, watasema ameisha. Vitu vinaisha, mwalimu.”

“Na yule wa kweli je?” Sauti yake ilikuwa kavu. “Wakija kujua wa pili ni fundi wa mabomba, nani ataamini wa kwanza? Nilitaka nukta moja, Kiama. Moja tu. Na ilikuwa imeshapatikana.”

Kiama hakuwa na mzaha tena. Akaiweka spana chini taratibu.

Waceke alipiga simu akiwa amesimama palepale. Alieleza yote, bila kulificha jina la mtu. Upande wa pili Dianah akacheka kicheko ambacho Kiama alikisikia bila kuisogelea simu. Alipoacha kucheka, alinena kwa upole.

“Asante kwa kuniambia mapema, mum. Nitawaandikia wenzangu leo. Lakini hiyo rekodi lazima niitoe yote. Mtu akisikika humo akiiga, watasema hata ting ni yake. Tunahitaji nyingine, safi, na lazima nimwone huyo chura kwa macho. Nakuja Jumamosi. Tuombe mvua isiishe. Ikiisha, ananyamaza mpaka mwaka ujao, kama atakuwa bado yuko.”

Mvua ikaisha Jumatano.

Kufikia Jumamosi ukingo wa bwawa ulikuwa na ufa wa matope makavu, na maji yalikuwa yamerudi nyuma yakiacha matete yamesimama miguu wazi. Dianah alikuja na viatu vya mpira na kinasa sauti chenye manyoya ya kuzuia upepo. Kwaya nayo ilikuja yote, hata wale wavivu wa mazoezi, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Ng’ambo ya bwawa Ali alikuwa akiosha magari, na pampu yake ikinguruma. Waceke akamwendea.

“Ali, kijana wangu, nizimie hiyo mashine kidogo.”

“Kuna maombi leo?”

“Kuna chura.”

Ali akamtazama, akaitazama kwaya iliyojipanga kwenye matope, akazima pampu. “Haya, mama. Lakini akishakuwa maarufu, aoshewe gari hapa kwangu.”

Jua lilipozama nyuma ya magorofa, Waceke akasimama mbele ya watu wake, mgongo kwa bwawa, akainua mikono. Wanakwaya wake waliijua ishara hiyo: ni ile ya kimya kilichoandikwa ndani ya wimbo, ambacho hushikwa kwa nguvu ileile ya noti. Wakakishika. Vyura wa kawaida, waliokuwa wamenyamazishwa na vishindo vya wanakwaya, wakarudi mmoja mmoja: wa kukoroma, wa mlango, wa mahindi. Wa kijiko hakuja.

Mikono ya Waceke ilichoka. Hakuishusha. Katika safu ya nyuma aliona kifua cha Kiama kikipanda na kujaa, kama cha mtu anayetaka kusaidia. Akamkazia macho. Kifua kikashuka. Kiama akajiziba mdomo kwa mkono, kisha mama wa sauti ya pili aliyesimama kando yake akaongeza wake juu yake, kwa usalama.

Giza likaingia kwenye matete. Dianah, aliyechuchumaa majini, akatikisa kichwa kidogo, kwa huzuni, akaanza kuinuka.

Ting.

Akashuka tena. Kijitochi chake kikatambaa juu ya jani moja, la pili, kikasimama. Waceke akageuza shingo tu, mikono ikiwa bado juu. Chura alikuwa mdogo kuliko kidole gumba, rangi ya siagi, na koo lake lilikuwa limevimba likapata ukubwa wa mwili wote. Ting, akasema, na jani likatikisika. Ting. Watu zaidi ya ishirini, na si mmoja aliyekohoa. Dianah alikaa hivyo mpaka maji yakamwingia viatuni, ndipo akazima kinasa sauti, akageuka, na uso wake ukawa umesema kila kitu. Akainua kidole gumba.

Waceke akashusha mikono. Lakini aliwapa mgongo wanakwaya, waliokuwa wakisubiri ruhusa ya kupiga kelele. Aliinama kuelekea kwenye matete, na kwa sauti ndogo sana, ambayo walioisikia ni wa safu ya mbele peke yao, akasema:

“Vizuri, baba. Sasa tena, kutoka mwanzo.”