Alama ya Kutoa Kwenye Picha ya Mume Wangu

"Lakini madam, si hata wewe ukijiangalia kwa kioo unajiona umegeuka hivyo hivyo?"

Huyo ni jamaa anayeshughulikia tovuti ya kampuni ya mawe aliyofanyia kazi mume wangu hapa Kitengela. Alikuwa anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, mtoto amelala mgongoni. Nilikuwa nimekuja kwa hiyo ofisi mpaka mlinzi wa geti akaacha kuniuliza nimefuata nani, na kila nikija nilisema tafadhali. Siku hiyo, niliposikia hilo neno kioo, nilichukua kikombe chake nikakihamisha upande wake wa kushoto.

"Kunywa na huo mkono."

Akacheka kidogo. "Madam, tafadhali."

"Kunywa. Mtu akijiangalia kwa kioo ako hai. Akichoka anaondoka pale, anakuwa yeye tena. Wangu ataondoka aende wapi?"

Nilisema kwa sauti ambayo ilifungua mlango wa ofisi ya pili. Mtoto akaamka akaanza kulia. Sijutii.

Mume wangu alikuwa anakata mawe kwa timbo la hiyo kampuni. Aliteleza ukingoni akaanguka chini. Kampuni ilituma watu mazishini, wakaimba, wakala, wakarudi, halafu baadaye wakaniomba picha ya kuweka kwa ukurasa wa wafanyakazi wanaowakumbuka. Niliwapa ile ninayoipenda. Amesimama nje ya nyumba yetu ya kupanga, shuka begani, ameinua mkono wa kulia anasalimia. Aliyempiga hiyo picha ni mimi. Alikuwa ananichezea, ananisalimia kama mgeni aliyetoka mbali.

Ukurasa ulipotoka nilimtumia mama yake, kule Mashuuru. Alinipigia simu asubuhi kabla sijafika kazini.

"Takwenya," akanisalimia, vile mwanamke husalimiwa kwao, kwa Kimaasai.

"Iko, yeyo." Ndivyo nilivyofunzwa kumwita, mama.

"Huyu ni nani umeniletea kwa simu?"

"Ni yeye, yeyo. Ni mtoto wako."

"Mtoto wangu anasalimia watu na kushoto? Mimi nilimzaa. Nikamfunza kushika chakula, nikamfunza kupeana mkono. Huyo hajawahi kunipea kushoto, hata akiwa wa kutambaa."

Nikafungua ukurasa tena. Haki, nilikuwa nimeuangalia na sikuona. Nilikuwa nimeangalia macho tu. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa kushoto. Shuka imehama bega. Lile kovu la jiwe juu ya nyusi ya kulia, nililokuwa nikilipaka mafuta mimi mwenyewe, liko upande mwingine.

"Wewe ndio unafanya kazi ya kompyuta," akasema, kisha akakata.

Hapo ndipo nilipoumia. Mimi si mtu wa huku, kwetu ni magharibi. Nilipoolewa kulikuwa na wale waliosema nitamgeuza kijana wao. Sasa wamefungua simu wakaona amegeuzwa, na mwenye kompyuta ni mimi. Nilichapisha ile picha ya kwanza kwa karatasi nzuri nikampa shemeji yangu ampelekee mama. Aliporudi hakutaka kuketi.

"Shemeji, mama anauliza kitu kimoja. Kama kompyuta inaweza kugeuza mtu, atajuaje ni hii ya karatasi haijageuzwa?"

Niambie wewe ungejibu nini. Nilimpa chai, akainywa akiwa amesimama.

Ninafanya kazi kwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, ninachapishia watu barua na kuwajazia fomu za serikali. Mwenye saiba huwatengenezea wenye maduka kurasa zao, na alikuwa amenionyesha vile mtu anavyochungulia maagizo yaliyo nyuma ya ukurasa, yale yanayosema rangi iwe gani na picha ikae wapi. Siku moja wateja walipopungua nilichungulia ule wa kampuni. Nikashuka mpaka kwa picha yake. Mstari ulikuwa huu:

transform: matrix(-1, 0, 0, 1, 0, 0);

Niliketi nikautazama. Hiyo nilikuwa naijua. Matriksi, kidato cha nne. Mwalimu wetu wa hesabu alitukaririsha mpaka tukawa tunaota: toa moja, sufuri, sufuri, moja, hicho ni kioo kilichosimama wima. Kila kitu cha kulia kinaenda kushoto. Tulikuwa tunafanyia pembetatu kwa karatasi ya miraba, tunalalamika, tunaulizana hii maishani itatusaidia na nini. Namba mbili za mwisho ni za kusukuma kitu kando au chini, na zilikuwa sufuri, kwa hivyo hakuna aliyemsukuma popote. Shuleni ile pembetatu ilikuwa inaruka mstari, inakaa ng'ambo. Kwa ukurasa kioo kinasimama katikati ya picha yenyewe, mtu anageuka papo hapo alipo, na ukiwa na haraka huoni.

Kwa hivyo si simu iliyoharibika. Ni mtu aliandika.

Nilijaribu kurekebisha. Ukichungulia hivyo unaweza kubadilisha namba, uone vile ingekuwa. Lakini kwa haraka nikaweka alama ya kutoa kwa namba ya nne badala ya kuiondoa kwa ya kwanza. Mume wangu akasimama kichwa chini, miguu juu. Nilifunga macho. Hivyo ndivyo wenzake walisema alivyoenda.

Nilipofungua nikaifuta, kisha nikafuta na ile ya kwanza. Na yeye akageuka. Mkono wa kulia juu, kovu mahali pake, ananisalimia kama mgeni. Nilimwangalia mpaka mteja akagonga kaunta.

"Sister, unalia ama unachapisha?"

Nilimchapishia. Niliporudi nikafungua ukurasa upya, na alikuwa amerudi kushoto. Mabadiliko yangu yalikuwa kwa ile kompyuta peke yake. Mashuuru hayangefika.

Ndiyo nikaanza safari za ofisini. Jamaa wa tovuti hakukataa kwamba ni yeye. Alinieleza kwa upole kwamba picha zote za upande wa kulia wa ukurasa hugeuzwa ili watu waangalie maandishi, wasionekane kama wanatoka nje. Ni mpangilio. Nikamwambia atoe kwa hiyo moja. Akasema moja ikitolewa itaharibu sura ya ukurasa. Nikija tena, ruhusa iko Kajiado. Nikija tena, bosi ako safarini. Halafu ndiyo ile siku ya kioo.

Aliyefungua mlango wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo, msimamizi. Alimwangalia mtoto anayelia, akaangalia kikombe, akaniambia, "Andika, mama. Upeleke Kajiado, makao makuu. Bila kuandika hapa utapiga kelele tu." Nikaandika barua kwa saiba, nikapanda gari mpaka Kajiado, nikasimama kwa mapokezi mpaka wakaipiga muhuri. Niliandika hivi:

KUH: KUGEUZWA KWA PICHA YA MAREHEMU MUME WANGU

Mimi ni mjane wa mfanyakazi wenu aliyefia kwenye timbo lenu la Kitengela. Nalalamika kwamba mmeigeuza picha yake kwenye tovuti yenu, kwa makusudi, bila kuniuliza, na mkaambiwa, na mkakataa kurekebisha. Kwa sababu ya hilo mama yake mzazi anaamini mimi ndiye niliyemgeuza mwanawe, na hapokei simu zangu wala hajataka kumwona mjukuu wake.

Nataka mtoe ile alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza. Mstari nimeuchapisha na kuuambatanisha, nimeupigia duara. Hiyo ni kazi ya kidole kimoja.

Nataka pia muandike chini ya picha, kwa Kiswahili ambacho mama yake atasomewa aelewe, kwamba aliyeigeuza ni kampuni na si mke wake.

Sura ya ukurasa wenu si shida yangu. Mume wangu alisalimia watu kwa mkono wa kulia.