Ua la Mama na Chungu Kisicho na Tundu

Nyinyi mliokulia kambi ya polisi Nsambya mtanielewa nikisema "mama yingia pole". Ndivyo tulivyoviita vile vibanda vya bati vya mviringo, mlango mfupi hadi mtu mzima anainama kama anaomba msamaha. Katika kimoja tulilala watoto watano, na bado Mama alipata nafasi ya ua.

Lilikuwa ua la kutambaa, majani ya kijani yenye madoa ya njano, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia alilolitoboa kitako kwa msumari. Lilifuata uzi ukutani, likazunguka kibanda chote mpaka likarudi mlangoni. Jumamosi, Baba aking'arisha buti zake nje, sisi tulifuta majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, huku tukisikia wenzetu wakikwepa mpira katika mchezo wa kwepena. Nililichukia ua lile, nisiwadanganye. Maji yake yalikuwa kikombe kimoja kwa wiki. Ukizidisha, Mama anakukazia macho: "Wewe ukishiba, nani anakulazimisha kunywa chai?"

Uhamisho ulikuja bila hodi. Leo mko Nsambya, kesho lori linawapeleka Gulu. Mwanamke aliyehama hakuondoka kabla ya kukata kijitawi cha ua lake na kumwachia jirani. Mama Okello wa kibanda cha pili alimwambia Mama akiwa tayari juu ya lori, "Yangu ikikufa njiani, natuma mutu kwako." Na kweli alituma. Kondakta wa basi aliondoka kwetu na kijitawi kimefungwa katika gazeti lililoloweshwa.

Mama alipofariki nilirithi lile kopo, likakaa nami hapa Kasubi miaka na miaka. Mwezi uliopita binti yangu Sauda, mwenye digrii, alilihamishia ua kwenye chungu cheupe cha kung'aa alichokiona kwenye simu. Hakina tundu hata la sindano. Akatega simu imkumbushe kumwagilia kila asubuhi, na simu haikusahau hata siku moja. Mizizi ikaoza, shina likalegea kama ndizi iliyochemshwa, na niliporudi kutoka safarini hapakubaki hata kijitawi cha kuotesha.

"Lakini Mama, ile mukebe ilikuwa inatuaibisha mbele ya wageni," akasema. Watoto hawa wanajua kupiga maua picha, kuyaacha yapumue hawajui. Nilifoka mpaka nikakohoa. Nikamweleza habari za kambi, za lori na za Mama Okello.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Sasa Mama, wewe ulimwachia nani?"

 Miaka yote hiyo sijamkatia mtu hata jani. Mama, katika kibanda cha mlango mmoja, alikuwa na ua lake Gulu, Mbale na Masindi, kwa majirani waliohamishiwa huko. Mimi nina geti la chuma na ukuta wenye waya, na mtu wa upande wa pili simjui hata jina.