Siku bibi yangu alipotembea Samora nzima akitazama dari

Wakuu, za mapumziko. Haya nayaandika kama yalivyotokea. Chumvi sitii, chumvi yote ya ukoo wetu aliimaliza marehemu babu.

Babu alikuwa mkata boriti za mikoko kule Salale, delta ya Rufiji. Mambo mawili aliyarudia hadi anazikwa.

Kwamba dari za Samora Avenue, Dar, zimeshikwa na boriti alizobeba yeye begani. Na kwamba aliwahi kumchapa kiboko kasia la uso, kiboko akampisha njia.

Kijiji kizima kilimcheka, na bibi pia. Baada ya msiba wa babu jambo hilo likamkaa bibi rohoni. "Kama alisema kweli, nimemkosea mume wangu," akawa anasema.

Enzi hizo ruksa ya kuingiza bidhaa toka nje imeshika kasi, mimi nasoma Dar. Bibi akaja na kanga mpya, akataka kupelekwa Samora tu.

Tukaanzia Mnara wa Saa. Madukani kumejaa redio kaseti, viatu, TV za rangi, vitu ambavyo miaka michache nyuma ungeviota tu. Mimi macho yamenitoka.

Bibi anaingia kila duka, anasalimia, kisha shingo juu. Dari zote zimefunikwa silingi bodi, nyeupe pee. Wauzaji wananitazama mimi. Niliona aibu wakuu, sifichi, nikawa namtangulia hatua tatu.

Karibu na sanamu ya Askari, mzee wa Kihindi, muuza vitambaa, akamuuliza, "Mama, unatafuta nini huko juu?"

"Boriti za mume wangu. Alikuwa anakata kule Rufiji."

Hakucheka. Akatupeleka stoo, ambako silingi haikuwekwa. Boriti zilikuwepo, zimejipanga, nyeusi kwa umri.

"Baba yangu ndiye aliyejenga hapa," akasema. "Boriti aliagiza Rufiji."

Bibi akaomba fimbo ya kupimia vitambaa, akagonga moja taratibu, akasikiliza.

"Hata kama si zake," akasema, "mume wangu hakuwa mwongo."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Nilifurahi mno. Kutoka pale nilimshika mkono hadi kituo cha basi.

Tuliporudi Salale, baraza ilijaa watu wanaotaka habari za mjini. TV hakuitaja hata moja.

"Boriti nimeziona," akawaambia. "Na kuanzia leo, ya kiboko nayo naisadiki."

Nilichojifunza: ukitembea na mzee wako mjini, usimtangulie. Huenda anachokitafuta ni kikubwa kuliko vya dirishani.

Haya, nani kwao kuna mzee aliyechekwa kumbe anasema kweli? Shusheni hapa. Mwenye ushahidi wa kiboko pia karibu, familia bado inautafuta.