Siku Wazee Walipokuja na Mirija

Katika miaka ya hamsini mume wangu alifundisha shule ya misheni huku Susuni, Tarime, nami nikawa mke wa mwalimu, kazi ambayo kila mtu anaijua kuliko anayeifanya. Nilizaliwa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Nilipoolewa nililetwa kwenye nyumba ya matofali yenye bati juu, karibu sana na boma la wakwe zangu. Moshi wa jiko langu ukichelewa kupanda asubuhi, mama mkwe alikuwa anajua.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu mwenyewe, nacho ni chama cha mapishi. Kilianza kama darasa la kushona, vitambaa vikaisha, tukabaki na kupika. Tulikuwa wake wa walimu, mke wa mganga wa zahanati, wawili watatu wa wafanyabiashara. Mmoja alikuwa Mjaluo, mwingine Mwikoma aliyetoka upande wa Serengeti, wengine Wakurya, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu aliwaalika wenzake nyumbani na kupika chakula ambacho hakuna aliyewahi kukipika. Na kililiwa mezani, kwa uma na kisu. Hilo halikuwa na mjadala. Mke wa Bwana DC alitutembelea siku moja akatuonyesha namna ya kushika uma, na tangu hapo mwenyekiti wetu, mke wa karani wa baraza, akalishika jambo hilo kama amri ya kanisa. Uma zote zilikaa kwake. Alizifunga kwenye kitambaa cheupe na kuja nazo kila tulipokutana, akizihesabu wakati wa kuondoka.

Zamu yangu ilipokaribia nilikuwa na hofu. Mwenzangu mmoja alikuwa ameoka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mwingine alipika pilau kwa viungo alivyonunua duka la Mhindi Tarime mjini. Mimi sikuwa na viungo wala ujuzi wa keki.

Hapo ndipo Sista aliponiingiza kwenye mambo yake. Alikuwa mtawa Mzungu, mwuguzi wa zahanati ya misheni, mwanamke mrefu aliyezungumza Kiswahili polepole akilitafuta kila neno. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa ameishi Meksiko. Nilimpelekea mtoto wangu mwenye kikohozi, na alipokuwa anapima dawa aliniuliza tunalima nini. Nikamwambia mahindi, maharage, karanga, nyanya. Akaacha kupima. Akasema kule alikotoka watu wanakula hivyo hivyo, mahindi na maharage na pilipili, lakini kwa namna nyingine kabisa, na kwamba hajakula chakula kile tangu alipoondoka. Akanieleza mkate wao mwembamba wa mahindi, kuku kwenye mchuzi wa pilipili na karanga, na parachichi lililopondwa na kitunguu, la kupaka juu. Parachichi tungepata kwenye bustani ya misheni. Akasema angekuja mwenyewe siku hiyo kunisaidia na kutuonyesha namna ya kukunja mkate na kula kwa mkono.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kweli. Nilipomwambia mwenyekiti kwamba nitapika chakula cha Meksiko, aliuliza Meksiko iko wapi. Nikasema Amerika.

"Basi kitaliwa kwa uma," akasema.

Sikubishana naye. Nilidhani Sista atakuja na atasema mwenyewe.

Shida ilianza na chokaa. Sista alisema mahindi makavu yanachemshwa na chokaa kidogo, yanalala ndani ya maji yake, halafu asubuhi unayasugua maganda yanatoka. Chokaa ilikuwepo stoo ya shule. Mume wangu alikataa. Chokaa ile ilikuwa ya kupaka madarasa kabla mkaguzi hajaja, na hakuona sababu ya kumweleza mkaguzi kwamba ukuta mmoja umeliwa na wanawake. Nikatumia majivu badala yake. Mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama nikimimina maji ya majivu kwenye sufuria. Maji hayo yeye huyatia kwenye mboga, kwa hiyo hakushangaa majivu. Alishangaa wingi wa mahindi. Aliuliza kama nina wageni wengi. Nikamwambia ni chama. Akaitika kwa koo tu, akaenda zake.

Kesho yake nilijitwisha beseni la mahindi yaliyolowa na kuvimba nikaenda nalo mashine ya kusaga. Watu walikuwa wamepanga foleni na magunia yao makavu. Mwenye mashine alitia mkono ndani ya beseni langu, akautoa, akaukung'uta, akaniambia nisimwulie mashine yake. Nilimsihi. Nilimwambia ni kidogo tu. Alinigeukia kisogo. Nikarudi na beseni lile lile kichwani, maji yakinidondokea shingoni, nikipita sokoni, nikipita baraza, nikipita kila nyumba yenye mzee aliyekaa nje. Wote walinisalimia vizuri sana siku hiyo. Niliona wameninyenyekea kidogo, sikujua kwa nini.

Ikabaki jiwe la kusagia la mama mkwe. Alinipa, lakini alinikumbusha kwamba ni jiwe la wimbi, yaani ulezi, si la mahindi. Nilipiga magoti nikasaga mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Unga ule ulikuwa ukitoka kama udongo wa kufinyangia, wenye harufu ya jivu. Mikate ya kwanza ilipasuka mkononi. Iliyofuata ilinata kwenye kikaango. Nilipopata wa kwanza uliokaa vizuri, mwembamba na wenye madoa ya moto, nilikaa chini nikautazama. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuuonja.

Karamu ilikuwa Jumamosi mchana. Asubuhi niliwachinja majogoo, nikapika mchuzi, nikaponda maharage, nikatandika kitambaa nilichokitarizi mwenyewe. Viti niliazima shuleni. Nilikuwa bado na mikate mingi ya kuchoma, lakini Sista angekuja kunisaidia. Kabla ya adhuhuri akaja mtu kwa baiskeli kutoka misheni. Sista ameitwa kijiji cha Nyanungu tangu alfajiri, kuna mwanamke ameshindwa kujifungua. Huwezi kumkasirikia mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Mimi nilimkasirikia, na Sista pia, na yule mwenye baiskeli aliyesimama akinusa mchuzi.

Nikarudi jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeinama juu ya kikaango mume wangu alipokuja akasimama mlangoni bila kuingia.

"Wazee wamefika," akasema.

Nilimwuliza wazee gani. Akasema baba yake, na wenzake. Nikamwuliza wamefuata nini. Akatazama pembeni.

"Wamekuja na mirija."

Nilielewa mara moja. Kwetu mwanamke akionekana na beseni la nafaka iliyolowa na kuvimba, anaandaa pombe, ile ambayo wazee huinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Na akisemekana ana wageni wengi, pombe ni nyingi. Habari ilikuwa imezunguka bomani kwamba kwa mwalimu kuna chungu, na wazee, ambao mwana wao mwenye mshahara alikuwa hajawahi kuwatengenezea pombe hata mara moja, waliona hatimaye wamekumbukwa. Walikuwa wamevaa makoti yao. Mirija yao mirefu ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa sebule, na wao walikuwa wamekaa kwenye viti nilivyoazima, kuzunguka kitambaa changu.

Nilimwambia mume wangu awaeleze kwamba hakuna pombe, yale yalikuwa mahindi ya mkate. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetumaini bado, "Kweli hakuna hata kidogo?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi kaeleze wewe."

Alijua siwezi. Baba mkwe alikuwa ndani. Mke wa mtoto wake haingii sebuleni akakaa naye, wala hali mbele yake, sembuse kumwambia achukue mrija wake arudi kwake. Mume wangu naye hakuweza, kwa sababu zake. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Walipewa chai, wakainywa kwa adabu, wakaendelea kungoja.

Wenzangu wa chama walifika wakiwa wamevaa vizuri, mmoja na viatu vya kanisani. Walipoona mirija wakazunguka nyuma wote, maana karibu nusu yao walikuwa na mkwe fulani ndani ya chumba kile. Jiko likajaa. Mwenyekiti peke yake hakuzunguka. Aliingia kwa mlango wa mbele, akasema shikamoo kwa wazee, akafungua kitambaa chake, akaanza kupanga uma mezani kama vile wale ndio wageni waliotarajiwa. Alipotoka kuja jikoni aliniambia meza iko tayari, nipeleke chakula. Nikamwuliza nimpelekee nani.

"Waliokaa mezani," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu alibeba sahani. Nilisikia sauti ya baba mkwe ikimwuliza, "Hii ni ya nini, mura?" kama Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, na mume wangu akieleza kuwa ni uma. Baadaye nilisimuliwa kwamba mzee aliichukua, akaigeuza, akaiweka kando taratibu kama anayerudisha kitu cha wenyewe, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Wakala kuku wote kwa mikono. Mchuzi uliwachoma, maana huku kwetu pilipili si chakula cha mtu mzima, lakini hawakulalamika. Waliomba maji tu, wakaomba tena. Parachichi halikuguswa. Mikate waliionja, kisha ikarudi jikoni na ujumbe.

Mume wangu aliufikisha kama alivyotumwa. "Baba anashukuru kwa nyama. Anasema ngozi hizi wapewe wanaozijua. Anauliza ugali uko wapi."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mimi sikucheka. Niliondoa maharage motoni, nikainjika maji, nikasonga ugali wa wimbi. Niliusonga kwa hasira mpaka mke wa mganga akaninyang'anya mwiko akamalizia yeye. Mikate ilikuwa imepangwa kwenye ungo, ikipoa, ikikauka kingo zikijikunja. Kazi yote ile niliiona inakufa pale mbele yangu na hakuna mtu wa kumlaumu. Mama mkwe alipita akasema ningemweleza mapema angewaambia wazee wasije. Nilikuwa nimemweleza. Nilimwambia ni chama.

Wazee walipokwisha kula hawakuondoka. Walikaa wakizungumza habari za ng'ombe walioibiwa kuvuka mpaka. Tukalazimika kula jikoni, wengine juu ya kuni, wengine wamesimama, kile kilichobaki, yaani maharage, parachichi, mchuzi usio na kuku na ile mikate. Mwenyekiti alirudishiwa uma zake zikiwa safi kama zilivyotoka kwake, akatugawia. Nilimweleza kuwa chakula hiki huliwa kwa mkono, Sista mwenyewe amesema. Akauliza Sista yuko wapi. Akachoma mkate wake kwa uma, ukavunjika vipande, kimoja kikaruka kwenye majivu. Yule Mwikoma alikuwa amegeuka upande wa ukuta, anakunja wake kwa vidole na kuchovya. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba maharage ni mazuri. Ndilo neno jema pekee nililolipata siku hiyo, na lilikuwa la maharage, ambayo tunakula kila siku.

Wakati wa kuondoka mwenyekiti alihesabu uma, akasema mbele ya wote kwamba kwa kuwa hatukukaa mezani, zamu yangu haikukamilika na itabidi nirudie mwezi ujao.

"Sirudii," nikasema.

Alinitazama, akafunga kitambaa chake, akaenda. Wenzangu walinisaidia kuosha vyombo. Mwezi uliofuata tulikutana kwa mke wa mganga tukala biskuti, na suala la kurudia halikutajwa tena. Lakini mwenyekiti alichukua muda mrefu kabla ya kunisalimia kwa jina la mtoto wangu kama alivyozoea.

Sista alikuja kesho yake baada ya misa. Viatu vyake vilikuwa na matope ya Nyanungu na macho yalikuwa mekundu. Mwanamke amepona, akasema, mtoto hakupona. Alikaa jikoni kwenye kigoda, hakutaka kuingia ndani. Aliuliza kama kuna chakula chochote kilichobaki.

Nilimpa mikate, migumu kama ilivyokuwa, na maharage ya baridi. Alikata kipande akakitafuna kwa muda mrefu. Mimi nilisimama nikimtazama. Yeye peke yake, katika wilaya nzima, ndiye aliyeweza kuniambia kama nilichokipika kilikuwa chenyewe.

"Siyo hivi," akasema. "Kule ni laini. Na hapa jivu linasikika."

"Ungekuwepo," nikamwambia. Lilinitoka kabla sijalizuia, na kwa ukali.

Hakukasirika. "Ndiyo," akasema. "Ningekuwepo."

Akaendelea kula. Alikula mkate wa pili, kisha mwingine, akichovya kwenye maharage na kutazama chini, na sikujua kama ana njaa tu au ana kitu kingine. Nilikuwa bado nimekasirika, na ni vigumu kumkasirikia mtu anayekula kwako namna ile. Alipoinuka aliomba iliyobaki aende nayo. Nilimfungia kwenye jani la mgomba. Sikupata kujua kama aliila au aliwapa kuku wa misheni. Nilimsindikiza hadi njiani, akapanda baiskeli yake, nami nikarudi kuvipeleka viti shuleni kabla mume wangu hajaviulizia.