Memsahibu, Tema Mate

Watu wakisikia kwamba ujanani nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, hucheka. "Farasi Ukambani?" huniuliza, kana kwamba nimesema nilikuwa nachunga samaki. Basi niseme mapema, maana sipendi kubishiwa mambo niliyoyaona kwa macho yangu mawili. Farasi walikuwepo, na mbio zilikuwepo, kwenye tambarare iliyo chini ya Kasikeu ukielekea reli. Siku hizi pale ni mashamba ya mbaazi na kunde. Lakini waulize wenye mashamba. Majembe yao bado hugonga viatu vya chuma, na hawajui ni vya nani.

Mbio zenyewe zilianza kwa ubishi. Wazungu wawili wenye mashamba, mmoja wa katani na mwingine wa ng'ombe, walikutana kwenye kituo cha gari moshi wakabishana farasi wa nani ana mbio zaidi. Ungewasikia ungedhani ni wazee wetu wamekalia pombe. Wakashindana siku ile ile, kutoka tangi la maji la reli hadi mgunga mmoja uliosimama peke yake, na wote wawili wakadai wameshinda, kwa kuwa hawakukumbuka kumweka mtu pale mgungani wa kuamua. Mwaka uliofuata wakarudia, mara hii na mwamuzi. Mwaka wa tatu wakaja na majirani. Miaka ya thelathini ilipofika katikati, jambo lile lilikuwa limekua likawa sikukuu: mahema, bendera, wakubwa wa serikali kutoka boma, Wahindi wa madukani na biskuti zao, na wake zetu pembeni wakiuza uji na isyo ya mahindi na maharagwe. Liliendelea hivyo mpaka vita vikaja, wenye farasi wakaenda vitani, na nyasi zikachukua uwanja wao.

Kazi ilikuwa yetu, bila shaka. Sisi ndio tuliofyeka ule uwanja, tukavunja vichuguu na kung'oa visiki. Adui wetu mkubwa alikuwa muhanga, yule mnyama mwenye pua ndefu anayetafuta mchwa. Anaweza kukuchimbia shimo la kumeza mguu wa farasi na asubuhi usimwone. Kwa hiyo juma zima la mbio masaisi wote tulijipanga mstari alfajiri, tukatembea uwanja mzima tukifukia mashimo. Mwaka mmoja shimo moja lilitupita. Farasi wa bwana wa katani alitumbukia, mguu ukavunjika, akapigwa risasi pale pale mbele ya watu.

Wazungu walisema ni shimo. Sisi tulijua kwamba shimo lilikuwa njia tu. Asubuhi ile mgeni mmoja alikuwa amemsifu farasi yule kwa sauti kubwa, akaenda zake bila kutema mate.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu, ukimsifu mnyama wa mwenzako, unamtemea mate kidogo. Ndivyo unavyoonyesha kwamba moyo wako hauna kijicho. Sifa bila mate humwangukia mnyama na kumdhuru. Na ni lazima ateme yule yule aliyesifu. Mate ya mtu mwingine hayasaidii, kama vile huwezi kumwombea mwenzako radhi kwa kosa ambalo yeye hajakiri. Hakuna ugomvi wowote katika jambo hili. Sokoni mtu akisahau, unamwambia tu, "Tema mate basi," anatema, mazungumzo yanaendelea. Mimi nilikuwa nimeshabatizwa wakati huo, na mhubiri wetu alikuwa ametukataza kabisa habari za jicho baya. Nilimkubali kwa kila neno alilofundisha, isipokuwa kuhusu farasi.

Bwana wangu alikuwa yule wa ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya sana. Alinipiga mara mbili katika miaka yote ile, na mara moja nilistahili. Alikuwa na farasi jike wa kahawia aliyeletwa kwa gari moshi kutoka mbali, na kumweka hai farasi yule ilikuwa kazi ya mwanamume. Mvua zikinyesha, farasi walikufa kwa homa kama kuku. Nilimwingiza bandani kabla jua halijatua, nikaziba madirisha kwa magunia, nikafukiza mavi makavu ya ng'ombe mpaka sote wawili tukakohoa. Mke wangu aliniuliza kama ninakusudia kumlipia yule farasi mahari. Majira matatu ya mvua yalipita, farasi wa majirani wakizikwa, wangu akinenepa. Nilijivuna, sifichi. Sikuwa na shamba la maana wala ng'ombe wa kujisifia, lakini hakuna mtu kutoka Kasikeu hadi relini aliyekuwa na mikono kama yangu.

Siku ya mbio ya mwaka ule nilimsugua mpaka akang'aa, nikamsimamisha kivulini. Akaja memsahibu mmoja, mgeni wa wakubwa wa boma, mama wa makamo mwenye mwavuli na kofia kubwa. Alimtazama farasi wangu, akafumba mwavuli wake.

"Oo, mzuri!" akasema kwa Kiswahili chake. "Mzuri sana! Mimi hapana ona farasi mzuri kama hii." Akamsifu macho. Akamsifu shingo. Halafu akainama. "Na miguu! Tazama miguu!"

Kati ya viungo vyote alivyo navyo farasi, miguu. Nilisubiri ateme. Akatabasamu. Nikasubiri tena. Akafungua mwavuli na kugeuka aende zake, na mimi nikaiona bunduki ya mwaka ule mwingine kana kwamba imeshikwa mbele yangu.

"Memsahibu," nikasema, "tafadhali. Tema mate."

Akasimama. "Nini?"

"Mate, memsahibu. Kwa farasi." Nilimwona hakuelewa. Basi, mimi niliyejiona mwerevu, nikamwonyesha inavyofanywa. Ptu! Nilikusudia yaende upande wa farasi. Upepo ukawa na shauri lake. Yalianguka karibu sana na kiatu chake.

Bwana wangu alikuwa hatua kumi nyuma yake na alikuwa ameona yote. Alikuja akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Wewe natemea memsahibu mate?"

"Hapana, bwana! Si mimi. Nilitaka yeye ndiye ateme!"

Nilipoyasikia maneno yangu yakitoka, nilijua nimejimaliza. Kinyozi hajinyoi, lakini mimi siku ile nilijinyoa na wembe butu. Bwana alinyoosha mkono, akashika kipande changu shingoni, akakivuta mpaka kamba ikakatika.

"Kesho boma," akasema. "Jela. Na farasi hapana gusa tena."

Vijana wa leo hawajui kipande, na Mungu awaepushe. Ilikuwa karatasi ndani ya kikebe cha chuma tulichokivaa shingoni, na ndani yake alama za vidole vyako na jina la mzungu unayemfanyia kazi. Ukikutwa njiani bila hicho, askari yeyote anakukamata. Mzungu akikataa kukitia sahihi, hakuna mwingine anayekuajiri. Lakini nitasema kweli, jela haikuniogopesha sana. Wanaume niliowajua walienda wakarudi. Kilichonikata maini ni lile neno la mwisho. Nani angempa tena hatamu mtu aliyemtemea mate mama wa Kizungu? Nilimwona saisi mwingine akija kumchukua farasi wangu, kijana ambaye hata kumwekea lijamu mdomoni alikuwa hajui, akamgonga meno. Nikaumia mimi.

Niliketishwa chini karibu na mahema, askari mmoja akiwekwa kunilinda. Alikuwa Mkamba kama mimi, mtu wa upande wa Kalamba. Alinisikiliza hadithi yote akitikisa kichwa.

"Asi! Sasa wewe, kwani si ungetema wewe mwenyewe tu, unyamaze?"

"Mimi nilisifu?"

"Hapana."

"Basi mate yangu ni ya nini?"

Akafikiri. "Hiyo ni kweli," akasema. "Lakini hiyo ukweli utaenda kuambia nani huko boma? Kesho wakiuliza mimi, nitasema sikuona kitu. Zaidi ya hapo, ndugu yangu, sina."

Mtu mwingine aliyekuwa ameona yote ni mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu wa kaskazini, aliyekuwa ameshuka kutoka Tseikuru na punda wa mizigo na farasi mdogo mweupe. Alikuwa ameruhusiwa kumkimbiza farasi huyo katika mbio za kwanza, akawaaibisha wakubwa watatu, kwa hiyo siku hiyo wazungu walimsikiliza. Nilimwona akienda kwenye hema, akasimama mbele ya memsahibu kwa adabu, akazungumza. Alionyesha farasi wake. Akaweka mkono kifuani. Baadaye aliniambia alichosema: kwamba hata wao hawamsifu ngamia bila kumtaja Mungu, maana sifa tupu ni hatari, na kwamba saisi yule hakutukana mtu, alikuwa akimwogopea mnyama wa bwana wake.

Memsahibu aligeuka akanitazama pale chini. Nikainamisha macho. Nilipoyainua tena, alikuwa ameinuka na kutoka hemani peke yake, akielekea mahali farasi walipokuwa wakizungushwa kabla ya mbio. Akamsimamisha yule kijana. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akainamia ile miguu, akatema. Si mate ya kubabaisha. Mate ya haki, mara mbili.

Wanawake wa uji walipiga vigelegele mpaka farasi wakashtuka. Askari wangu alisahau kwamba ananilinda, akanipiga bega. Sikujua bado kama nimepona, lakini farasi alikuwa amepona, na wakati ule niliona hayo ni mamoja.

Kisha memsahibu alikwenda kwa bwana wangu, akamweleza jambo kwa Kiingereza huku akicheka na kujipangusa mdomo kwa leso. Yule mfanyabiashara, aliyejua lugha nyingi kuliko alivyoonyesha, aliniambia baadaye alichosema. Kwao memsahibu, kwenye kisiwa chao cha mvua, bibi yake hakuruhusu mtu asifu ng'ombe bila kutema, na yeye mwenyewe alichapwa utotoni kwa kusahau. Alikuwa amekaa hemani akijiuliza mate yale ya saisi yalimkumbusha nini. Bwana wangu hakucheka. Alisimama akikigeuza kipande changu mkononi.

Farasi sita walitoka. Vumbi likawafunika, likawafunua upande wa pili, na wangu alikuwa wa tatu. Kwenye kona ya mgunga nilimwona akijikwaa, akashuka mabega, na moyo wangu ukashuka naye. Askari aliniambia nilimshika mkono mpaka akapiga kelele. Mimi sikumbuki. Ninakumbuka tu kwamba mabega yale yaliinuka tena, kwamba alipita mmoja, akaingia wa pili nyuma ya farasi wa bwana wa katani, na kwamba nafasi ya pili siku ile ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza yoyote niliyowahi kuiona.

Nilikimbia. Askari hakunizuia. Nilimnyang'anya yule kijana hatamu, nikapiga magoti, nikamshika miguu mmoja mmoja, kutoka gotini hadi kwatoni. Mzima, mzima, mzima, mzima. Nikalia pale chini, mtu mwenye mke, mbele ya wasichana wote wa Kasikeu waliokuja kutazama, na sikuona haya hata kidogo.

Nilipoinuka bwana alikuwa amesimama mbele yangu. Kamba ya kipande alikuwa ameifunga fundo pale ilipokatika. Nilinyoosha mikono nikipokee. Hakunipa mkononi.

"Inama," akasema.

Nikainama, akanivisha mwenyewe shingoni, akakiweka sawa kifuani. Niliujua mwendo ule wa mikono. Ndivyo nilivyomvisha farasi wangu hatamu kila asubuhi, na yeye aliinamisha kichwa vivyo hivyo bila kuvutwa, kwa kuwa ameshazoea. Nililitambua jambo hilo pale pale, sikuambiwa na mtu baadaye. Na bado nilishusha pumzi ndefu, nikasema, "Asante, bwana," na asante ile ilitoka moyoni.