Mama Aliyeiwasha Netiweki

Juma lililopita tulipanga foleni tangu asubuhi katika ofisi moja ya Lilongwe, wengi wetu kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. "Netiweki hakuna," karani alisema, akarudi kwenye simu yake.

Mama mmoja wa Bukavu, aliyekuwa akitunza kompyuta za Linux kama ile kwao, alichungulia skrini akaona kadi imezimwa tu.

"Rezo iko, papa, netiweki iko. Kadi ya netiweki njo balizima. Mi nitaiwasha."

Karani akampisha. Mama akaandika amri ya kuiwasha kadi, kisha ya kuipatia anwani ya mtandao, na kurasa zikafunguka.

"Mkimbizi haruhusiwi kugusa mashine hii," karani akasema, akamwonyesha kwa kidole mwisho wa foleni.

Mama alikwenda akasimama nyuma yetu sote. Sisi tukasogea mbele, tukahudumiwa. Nimemkasirikia karani, lakini nami nilisogea.